Upepo wa Tairi: Namba Ipi Hasa ni ya Gari Lako?

Kila taarifa ya ajali inaposema "chanzo ni kupasuka kwa tairi", ubishi ule ule huanza upya kwenye magrupu ya WhatsApp na vijiweni. Huyu anasema tairi lilijazwa kupita kiasi na jua lilikuwa kali. Yule analaumu matairi ya mtumba. Wa tatu anashauri kwamba safari ndefu mchana, ukifika Chalinze teremka upunguze upepo kidogo. Na humo humo hakuna anayeuliza jambo la kwanza kabisa: gari lako linatakiwa kuwa na upepo kiasi gani, na namba hiyo umeitoa wapi?

Wengi wameitoa kwa fundi pancha. Anauliza "ngapi, bosi?", na ukisitasita anaweka 35, iwe ni Passo yenye mtu mmoja au Noah iliyobeba familia na magunia ya mchele. Fundi hana kosa kubwa hapo. Namba si yake kuijua. Imeandikwa kwenye gari.

Tuanze na vipimo, maana ndiko wengi wanakopotelea. Presha ya tairi ni nguvu ambayo upepo uliofungiwa ndani unasukuma nayo kuta za tairi. Geji nyingi za mafundi husoma psi (pauni kwa inchi ya mraba). Magari ya Japani huandikwa kPa (kilopaskali), na ya Ulaya mara nyingi bar. Bar 1 ni kPa 100, nayo ni sawa na psi 14.5. Kama huna kikokotoo, chukua kPa ugawe kwa 7: kPa 220 ni kama psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Jibu halitatofautiana na lile la kitaalamu kwa zaidi ya psi moja, na geji nyingi za kijiweni zina makosa makubwa kuliko hayo.

Sasa fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo, pale mlango unapojifungia, kuna kibandiko. Baadhi ya magari ya Ulaya hukiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kama gari limetoka Japani, maandishi yatakuwa ya Kijapani, lakini usikate tamaa: tafuta saizi ya tairi, mfano 185/65R15, na mbele yake namba kama 230 yenye 2.3 pembeni. Ile ya kwanza ni kPa, ya pili ni kipimo cha zamani cha kilo kwa sentimita ya mraba. Herufi 前 ni magurudumu ya mbele, 後 ni ya nyuma. Mara nyingine namba za mbele na nyuma zinatofautiana, na magari mengi ya Ulaya yana safu mbili, moja ya mzigo wa kawaida na nyingine ya gari lililojaa. Kama gari liliwahi kupigwa rangi na kibandiko kikafutika, tafuta kitabu cha gari, au soma kibandiko cha gari jingine la modeli na mwaka huo huo lenye saizi hiyo hiyo ya tairi. Ukishavalisha rimu kubwa na matairi ya saizi nyingine, kibandiko hakikusaidii tena moja kwa moja. Muuzaji wa matairi anayejua kazi yake ana jedwali la uzito na presha, mwulize.

Na ile namba kwenye ubavu wa tairi lenyewe? Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Ukiinama na kusoma, utakuta kitu kama MAX LOAD 560 KG, kisha MAX PRESS 300 kPa (44 PSI). Aliyeandika hapo ni mtengenezaji wa tairi, ambaye hajui tairi lake litavalishwa IST au Premio. Anakuambia ukomo: usivuke hapa. Hajasema ujaze hapo. Ukiweka 44 kwenye gari linalotaka 33, tairi linakakamaa na kugusa lami kwa kipande chembamba cha katikati. Kashata za katikati, yaani vile vipande vya mpira vinavyogusa barabara, huisha mapema, breki inapungua kwenye lami mbovu au yenye maji, na ukidondokea shimo, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye nyuzi za tairi, rimu na bushi. Matairi mapya ni mtego wa aina yake. Fundi huyajaza hadi karibu 40 ili kingo zikae vizuri kwenye rimu, jambo ambalo ni sahihi, kisha anasahau kuyarudisha. Ukitoka dukani na matairi mapya, pima.

Kuna neno moja ambalo kibandiko hulichukulia kuwa unalijua: baridi. Namba ile ni ya tairi ambalo gari lake limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita 2 taratibu. Tairi likianza safari linapata moto, upepo ndani unatanuka, na geji inapanda psi 4 hadi 6. Hiyo ni kawaida, na waliopanga namba ya kibandiko walishaihesabu. Hata bila safari, hali ya hewa peke yake hubadilisha kipimo kwa takriban psi 1.5 kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Ndiyo maana tairi la upande uliopigwa na jua la asubuhi husoma zaidi ya lile lililo kivulini, na mwenye gari akadhani upande mmoja unavuja.

Watu wa Dar wanaokwenda Njombe mwezi Juni huuliza kama waongeze upepo kwa sababu ya baridi. Hesabu yake inafurahisha. Tairi lenye psi 32 kwenye nyuzi 30 litashuka hadi karibu 29 kwenye nyuzi 10. Lakini geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya nje ni nyepesi kwa kama psi 3. Kwa hiyo kimoja kinashusha tatu, kingine kinapandisha tatu, na asubuhi ya pili geji inasoma karibu pale pale. Ukikaa huko wiki kadhaa, pima asubuhi na ufuate kibandiko kama kawaida.

Turudi Chalinze, kwa yule anayepunguza upepo. Hoja yake inaonekana ina mantiki: jua kali, lami ya moto, upepo unatanuka, tairi litapasuka. Ila tairi zima la gari dogo huhimili presha mara kadhaa ya ile ya kibandiko, na psi 5 au 6 za joto hazilikaribii hata kidogo. Kinacholiua ni kinyume chake. Gari halikalii mpira, linakalia upepo. Upepo ukiwa mdogo, ubavu wa tairi unajikunja kila unapopita chini na kunyooka unapopanda juu. Chukua waya ukunje na kunyoosha mara nyingi pale pale: unapata moto, kisha unakatika. Tairi la 185/65R15 lina mzingo wa kama mita 1.95, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa linajikunja karibu mara 850 kila dakika. Kutoka Dar hadi Morogoro, kilomita kama 190, ni karibu mara laki moja. Likiwa na upepo wake, mkunjo ni mdogo na joto linatoka. Likipungukiwa psi 8, mkunjo ni mkubwa, joto linajikusanya pale mikanda ya waya inaposhikana na mpira, gundi inalegea, na mwisho kashata zinabanduka au ubavu unafumuka. Ongeza mzigo na mwendo, yote hayo yanakuja haraka zaidi.

Sasa tazama anachofanya dereva wetu. Tairi linasoma 38 likiwa la moto, yeye analishusha hadi 33. Likipoa usiku litakuwa 28. Kesho anaondoka na 28, tairi linajikunja zaidi, linapata moto zaidi, geji inapanda sana, anasimama tena kupunguza. Joto alilolitengeneza mwenyewe anadhani ni la jua. Kwa hiyo tairi la moto halipunguzwi. Ukikuta limepanda kwa zaidi ya psi 6 au 7 kutoka namba ya asubuhi, kuna moja kati ya mambo matatu: liliondoka likiwa pungufu, mzigo umezidi, au mwendo umezidi. Dawa ni kusimama likapoe, kisha kurekebisha kilichosababisha.

Je, jicho linatosha? Matairi ya siku hizi ni ya aina ya radial, na ubavu wake hutuna kidogo hata likiwa sawasawa. Kati ya psi 33 na 25 tofauti kwa macho ni ndogo sana, hasa gari likiwa kwenye kokoto au mchanga. Teke nalo halina maana. Kwenye malori utingo hugonga matairi kwa nondo na kusikiliza mlio. Njia hiyo humwambia lipi limekwisha kabisa, haimwambii lipi limepoteza robo ya upepo wake. Na kwenye lori hatari ni kubwa zaidi kwa sababu ya matairi pacha: la ndani likipungua, la nje linabeba mzigo wa mawili bila mtu kuona, hadi lipasuke lile lililokuwa zima.

Kwamba madereva hawapimi si tabia ya kwetu tu. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilipeleka watu kwenye vituo vya mafuta wakapima magari zaidi ya elfu kumi na moja. Zaidi ya robo ya magari madogo yalikutwa na angalau tairi moja lililopungua vibaya, yaani robo nzima au zaidi chini ya namba ya kibandiko. Utafiti huo ulikuja baada ya kashfa kubwa: Agosti 2000 kampuni ya matairi ya Firestone iliyaita yarudishwe matairi milioni 6.5 yaliyokuwa barabarani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka na magari kupinduka. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro. Lakini kampuni hizo mbili zilivutana pia juu ya presha, kwani Ford ilikuwa imependekeza psi 26, Firestone ikasema ingefaa 30. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huo huo wa 2000, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe na kifaa cha kumwonya dereva kwa taa upepo ukipungua. Umoja wa Ulaya ulifuata, na tangu Novemba 2014 magari yote mapya madogo huko yanacho. Japani haikuweka sharti hilo kwa magari madogo, na ndiyo maana IST, Vitz na Premio nyingi zinazoshuka bandarini Dar na Mombasa hazina taa hiyo kabisa. Usingoje iwake; haipo.

Kwa wenye taa, ile yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati, ielewe vizuri. Kwa sheria ya Marekani inatakiwa iwake upepo ukishuka kwa asilimia 25. Gari linalotaka 33 litakuonya likifika karibu 25, na kutoka 33 hadi hapo umeshatembea wiki nyingi ukiharibu tairi na kuchoma mafuta bila taa kusema lolote. Ikiwaka na kutulia, tairi mojawapo limepungua. Ikimetameta kwa dakika moja hivi baada ya kuwasha gari kisha ikabaki imewaka, kifaa chenyewe kina hitilafu, na kwenye gari la mtumba mara nyingi ni betri ndogo iliyo ndani ya sensa (kipimio) ya gurudumu. Hudumu miaka 5 hadi 10 tu. Magari mengine hayana sensa ndani ya tairi. Hutumia kompyuta ya breki kulinganisha mzunguko wa magurudumu, kwani tairi lililopungua huzunguka haraka kidogo. Mfumo huo ukishajaza upepo lazima uubonyezee kitufe chake ujifunze upya, la sivyo utalinganisha na hali ya zamani. Taa inasaidia, hilo halina ubishi: NHTSA ilipopima tena miaka kumi baadaye, magari yenye kifaa yalikuwa na uwezekano mdogo kwa zaidi ya nusu wa kukutwa na tairi lililopungua vibaya.

Kwa asiye na taa, geji ya mkononi ndiyo jibu. Ya kalamu inatosha, ya mshale au ya betri ni rahisi zaidi kusoma. Pima asubuhi kabla gari halijatembea na kabla jua halijalipiga. Fungua kifuniko cha valvu, bonyeza geji wima. Utasikia "pss" fupi, kisha kimya. Ukiendelea kusikia upepo, umeibonyeza mshazari na namba uliyopata si ya kweli. Rudia mara mbili. Linganisha magurudumu mawili ya ekseli moja, yasipishane zaidi ya psi 2. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi na kabla ya safari, kwa sababu hata tairi zima kabisa linaweza kupoteza hadi psi 1 au 2 kwa mwezi kwa upepo kupenya kwenye mpira wenyewe.

Tatizo linabaki kwamba kompresa iko kijiweni, na ukifika huko tairi limeshapata moto. Njia ni kubeba upungufu badala ya kubeba namba. Nyumbani asubuhi tairi la mbele kushoto limesoma 28 na kibandiko kinataka 33: andika "ongeza 5". Ukifika kwa fundi linasoma 30. Mwambie afike 35. Kama hukupima nyumbani na tairi ni la moto, jaza psi 4 juu ya kibandiko, kisha hakikisha kesho asubuhi. Na tumia geji yako mwenyewe hata kama ya kompresa inaonekana mpya. Ile imeshadondoka chini mara nyingi kuliko unavyodhani.

Tairi moja likishuka psi 3 kwa wiki huku mengine yakibaki, hilo linavuja. Fundi hupaka mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitoka, sindano ya ndani imelegea au imechoka, na kuibadilisha ni kazi ya dakika moja. Povu lisipotoka, tafuta msumari kwenye kashata, kisha kutu kwenye ukingo wa rimu. Valvu za mpira hukauka na kupasuka shinani, zibadilishwe kila unapobadilisha tairi. Kile kifuniko kidogo cha valvu pia kina kazi: kinazuia vumbi kuingia kwenye sindano.

Dalili nyingine ziko kwenye kashata. Zikiisha pande zote mbili za pembeni, upepo ulikuwa mdogo kwa muda mrefu. Zikiisha katikati, ulikuwa mwingi. Zikiisha upande mmoja tu, usilaumu upepo, peleka gari alainimenti.

Juu ya nitrojeni, ambayo siku hizi inauzwa kama dawa: upepo wa kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78. Faida ipo, ila ni ndogo. Jarida la Marekani la Consumer Reports liliyaacha matairi yakae tu mwaka mzima bila kutembea, yakianza na psi 30. Yenye nitrojeni yalipoteza 2.2, yenye upepo wa kawaida 3.5. Ukipewa bure, pokea. Kulipia, kisha ukaacha kupima kwa sababu "ni nitrojeni", ni hasara mara mbili. Hasara ya mafuta yenyewe si kubwa kama inavyosemwa: kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne hula kama asilimia 0.2. Kwa psi 8 ni asilimia 1.6, inaonekana kwa mwenye daladala, si kwa mwenye Vitz. Kinachouma mfuko ni matairi kuisha kabla ya wakati.

Wenye Probox za mizigo na Hiace wana la ziada. Magari hayo hutoka na matairi yenye herufi LT, yaliyotengenezwa kubeba mzigo kwa presha ya juu kuliko ya gari dogo. Ukivalisha matairi ya kawaida kwa sababu saizi inaingia na bei ni nafuu, hakuna kiasi cha upepo kitakachofidia uzito uliokosekana.

Liko jambo mafundi wengi hulipuuza na ndilo la hatari kuliko yote. Tairi lililotembea bila upepo, hata kilomita chache, huenda limeshakatika nyuzi za ubavuni huku nje likionekana zima. Ukilijaza na kuendelea na safari, linaweza kupasuka saa moja baadaye, na dereva akaapa kwamba lilikuwa na upepo wa kutosha. Lazima litolewe kwenye rimu na kutazamwa ndani: ukikuta unga mweusi wa mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu, hilo limekufa. Kwa malori kanuni za Marekani za usalama kazini ziko wazi: tairi lililotembea likiwa na asilimia 80 au chini ya presha yake hutolewa upepo wote kabla ya kufunguliwa, likakaguliwe. Ubavu wenye nyuzi za chuma zilizochoka hufumuka kama bomu wakati wa kujaza. Lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana chenyewe, na fundi asimame upande wa kashata, kamwe si mbele ya ubavu.

Mwisho, fungua buti. Kile kitairi chembamba cha spea kwenye magari mengi ya Japani hakitaki 33. Soma ubavuni: 420 kPa, yaani psi 60. Kwa kuwa hakuna anayekipima, wengi hukikuta na 20 usiku porini. Kijaze 60, na ukikivaa usizidishe kilomita 80 kwa saa hadi ufike kwa fundi.